Mtandao Unasingiziwa: Jibu kwa Wanaoiharakisha Kanzidata

Miongoni mwa watengenezaji wa mifumo ya kompyuta nchini Tanzania kuna hoja iliyokaa muda mrefu kiasi kwamba hakuna tena anayeuliza ilitoka wapi. Inasema hivi: intaneti yetu inasuasua, wateja wetu hawana subira, kwa hiyo programu isikae kuingoja kanzidata ihakikishe kwamba kumbukumbu imeandikwa mahali pa kutosha. Seva moja ikisema imepokea, yatosha. Mteja apewe ujumbe wake aende zake, na seva nyingine zitanakili zenyewe baadaye.

Ni hoja yenye sura ya busara. Inasikika kama kauli ya mtu anayeijua nchi yake, asiyetaka kuiga mambo ya wenye intaneti ya kasi. Anayeipinga kwenye kikao cha kazi huonekana msomi wa vitabuni asiyejua hali halisi ya mawimbi huko wilayani. Hata hivyo ni hoja potofu, na gharama ya upotofu wake hailipwi na wanaoitetea. Hulipwa na muuza vitunguu, mwanachama wa SACCOS na mwenye duka la pembejeo, watu ambao hawajawahi hata kusikia kwamba uamuzi huo ulifanyika. Ucheleweshaji upo, hakuna anayeukana. Ila hauko pale wanapojaribu kuukata.

Uamuzi wenyewe hufanyika mahali padogo sana. Kati ya programu na kanzidata hukaa kipande kinachoitwa kiendeshi, ambacho hupeleka maagizo na kurudisha majibu. Kwenye MongoDB, kanzidata inayopendwa na vijana wengi wanaoanza kazi hii, kiendeshi huelekezwa kwa mstari mmoja wa anwani, na mwishoni mwa mstari huo huweza kuwapo maneno haya: w=majority&journal=true&wtimeoutMS=5000. Herufi w ndiyo inayobeba kesi nzima. Ikiwekwa 0, kiendeshi hutupa agizo na kuendelea na mambo yake bila kungoja jibu lolote. Ikiwekwa 1, husubiri neno la seva kuu peke yake. Ikiwekwa majority, husubiri mpaka wengi wa seva zinazopiga kura ziwe zimeandika; katika kundi la seva tatu, hizo ni mbili. Neno journal hudai kwamba maandishi yawe yamefika kwenye shajara ya diski, yasiishie kwenye kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika. Na wtimeoutMS huweka ukomo wa kusubiri, hapa sekunde 5.

Mifumo mingine ina majina yake kwa jambo hilohilo. Cassandra ina ONE, QUORUM na ALL. Kafka, inayotumika kupitisha matukio kati ya mifumo, ina acks ya 0, ya 1 na ya all. PostgreSQL ina mpangilio wa synchronous_commit, ambao ukizimwa kanzidata hujibu "tayari" kabla maandishi hayajatua kwenye diski. Popote pale swali ni moja: nani awe amethibitisha kabla mwananchi hajaambiwa kwamba mambo yamekamilika?

Sasa twende Dumila, wilayani Kilosa, pale barabara kuu ya Morogoro–Dodoma inapoachana na barabara ya kwenda Kilosa mjini. Ni mji wa pilikapilika. Vitunguu, nyanya, mahindi na mbogamboga hushuka kutoka mashambani, malori hungoja pembeni, mabasi yakisimama wachuuzi hukimbilia madirishani. Pesa nyingi hapo hupita kwenye simu. Tuchukue mfano wa mnunuzi wa jumla anayemlipa mkulima shilingi 850,000 za magunia yake ya vitunguu. Kama anatumia M-Pesa, atapiga *150*00#, atangoja menyu, atachagua, ataandika namba ya anayelipwa, ataandika kiasi, ataingiza namba ya siri, atahakiki jina. Mikono ina vumbi, jua linapiga kwenye kioo, dereva wa lori anapiga honi. Akikosea namba moja anaanza upya. Mnara ukiwa umezidiwa, menyu inakatika katikati na anaanza upya tena. Mpaka ujumbe wa uthibitisho uingie, nusu dakika imeshapita, na mara nyingine dakika nzima.

Hayo ndiyo majira ya Dumila: sekunde na makumi ya sekunde.

Majira ya chumba cha seva ni mengine kabisa. Ujumbe kutoka seva moja kwenda nyingine ndani ya jengo moja huenda na kurudi kwa chini ya milisekunde 1. Kati ya majengo mawili ya jiji moja ni milisekunde 1 au 2. Kuandika kwenye diski za kisasa huongeza chache nyingine. Kwa hiyo kuhama kutoka w=1 kwenda w=majority, kwa seva zilizo karibu, kwa kawaida hugharimu milisekunde zisizofika hata 10. Kufumba na kufumbua jicho huchukua zaidi ya 100. Anayeziondoa milisekunde hizo ili kumfurahisha mnunuzi wa vitunguu aliyesimama juani nusu dakika hamfurahishi kwa lolote. Amekata pasipouma na kuacha panapouma: menyu ndefu, mnara uliozidiwa, programu ya simu inayopakua picha kubwa kabla ya kuonyesha salio. Huko ndiko kuliko na sekunde za kuokoa, na kuziokoa hakuhatarishi pesa ya mtu.

Ushahidi mzito zaidi uko jirani. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania kupitia Vodacom Aprili 2008. Seva za ile ya Kenya zilikuwa Ulaya kwa miaka mingi. Zilihamishwa kutoka Ujerumani kwenda Kenya mwaka 2015. Maana yake ni kwamba mtu wa Kisumu aliyemtumia mwenzake wa mtaa wa pili shilingi mia tano, agizo lake lilivuka bara na bahari, likaandikwa Ulaya, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Mwendo huo peke yake hupita milisekunde 100. Huduma hiyo haikufa kwa kuchelewa; ikawa mfano unaofundishwa duniani kote. Kilichowashika wateja ni ujumbe wenye namba ya muamala ambao mtoaji na mpokeaji wote wawili waliuamini. Mkulima wa Dumila haulizi muamala umechukua milisekunde ngapi. Anauliza kama pesa imeingia.

Watetezi wa w=1 wana jibu la pili, la kitaalamu zaidi. Wanasema ukisubiri wengi, mfumo utahudumia watu wachache kwa saa, kwa kuwa kila andiko linakaa foleni. Hapa kuna kutoelewa kunakostahili kuwekwa wazi. Kiwango cha uthibitisho hakibadilishi kazi ya kunakili. Seva saidizi zitanakili kila andiko hata kama w ni 0, ni 1 au ni majority. Kinachobadilika ni wakati wa kiendeshi kuambiwa. Kusubiri si kazi. Wakati andiko moja linangoja neno la seva ya pili, mengine mia yanaendelea kuandikwa, na yote huweza kuthibitishwa kwa pamoja. Panapohitajika miunganisho zaidi ya kiendeshi kwa sababu mingi imekaa ikisubiri, huongezwa kwa kubadilisha namba moja. Kinachopungua kwa w=1 ni uhakika, mzigo wa seva unabaki karibu uleule.

Tena kuna kichekesho ndani yake. Kampuni hukodi seva tatu, hulipa ankara ya seva tatu kila mwezi, halafu kiendeshi chake kinaambiwa kiamini moja. Mbili zilizobaki zimekuwa pambo kwa zile sekunde za hitilafu ambazo ndizo sababu ya kuzikodi.

Tuone kinachotokea sekunde hizo zinapofika. Tuchukue mfumo wa malipo wa kubuni wenye seva tatu na kiendeshi kilichowekwa w=1. Agizo la kuhamisha 850,000 za mnunuzi wetu linafika kwenye seva kuu. Seva kuu inaliandika kwake na kujibu kwamba tayari. Kiendeshi kinaiambia programu, programu inatuma jumbe mbili za simu: mmoja kwa mnunuzi, mmoja kwa mkulima. Milisekunde chache baadaye, kabla seva saidizi hazijavuta andiko hilo, seva kuu inazimika. Labda umeme, labda diski, labda swichi ya mtandao. Mbili zilizobaki zinaona kimya. MongoDB huzipa sekunde 10 za kuvumilia kimya hicho, kisha zinapiga kura na moja inakuwa kuu. Hiyo mpya haijui habari ya vitunguu. Kwenye vitabu vyake salio la mnunuzi halijaguswa na la mkulima halijaongezeka.

Mkulima ana ujumbe kwenye simu. Magunia yako njiani.

Kisha seva iliyozimika inarudi. Inajilinganisha na wenzake, inakuta ina andiko ambalo wao hawana, na kwa kuwa sasa ni mfuasi inalazimika kulifuta. MongoDB haiwi katili kabisa: huyaweka maandishi hayo yaliyofutwa kwenye faili ndani ya folda iitwayo rollback. Faili hilo linaweza kukaa humo miaka bila mtu kulifungua. Hakuna taa nyekundu iliyowaka, wala programu haikuletewa kosa lolote, kwa kuwa kila sehemu ilifanya kile ilichoagizwa. Mkulima anapopiga simu anaambiwa, "Pole mama, ni tatizo la mtandao, tafadhali subiri saa ishirini na nne." Anayemjibu hadanganyi kwa makusudi, ndivyo alivyofundishwa kusema. Lakini mnara wa simu wa Dumila hauhusiki hata kidogo. Ulipokea na kufikisha kila kitu kama ulivyotakiwa.

Wilaya zenye ufuta na mbaazi zinajua utaratibu bora kuliko huo. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 inajengwa juu ya jambo moja: stakabadhi hutoka baada ya mzigo kupokelewa, kupimwa na kuandikwa ghalani. Hakuna mwendesha ghala mwenye akili timamu anayemkabidhi mkulima stakabadhi magunia yakiwa bado juu ya lori, eti kwa sababu foleni ni ndefu na watu wana haraka. Akifanya hivyo na lori likapinduka, stakabadhi ile ni deni lisilo na mzigo. Ujumbe wa simu unaotumwa kwa nguvu ya w=1 ni stakabadhi ya aina hiyo.

Hoja ya tatu ya upande wa pili ni kwamba hitilafu kama hizo ni nadra. Ni kweli, kwa seva moja na siku moja. Lakini mfumo wa pesa hauishi siku moja, na nadra ikija haichagui saa nzuri. Watu wa Dumila hawahitaji kufundishwa hilo. Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la Mto Mkundi na kukata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, barabara ambayo kila mtu aliichukulia kuwa ipo tu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti kwa kiwango kikubwa. Na kuhusu umeme, aliyepitia mgao wa mwaka 2023 akiwa na seva ofisini kwake, ikilindwa na betri iliyochoka, anajua seva huzimika namna gani: ghafla, katikati ya sentensi.

Hapo ndipo shajara ya diski inapoingia. MongoDB ikiachiwa yenyewe huisukuma shajara kwenye diski kila baada ya milisekunde 100 hivi. Kwa ofisi yenye seva moja tu, isiyo na nakala, w=1 bila journal ina maana kwamba umeme ukikatika, maandishi ya sehemu hiyo ya sekunde yanaweza kupotea ilhali wenyewe wameshaambiwa yapo. Chama cha ushirika kisicho na uwezo wa seva tatu kinaweza angalau kudai neno hilo moja, journal. Halina gharama ya vifaa.

Anayedhani matatizo haya ni ya mafundi wa nchi maskini aiangalie GitHub, mahali ambapo watengenezaji wa programu wa dunia nzima huhifadhi kazi zao. Tarehe 21 Oktoba 2018, matengenezo ya kawaida yalikata mawasiliano kati ya kituo chao cha data cha pwani ya mashariki ya Marekani na kitovu cha mtandao wao kwa sekunde 43. Sekunde 43 tu. Katika muda huo mfumo wa kubadilisha seva kuu uliihamishia kazi pwani ya magharibi, huku upande wa mashariki ukiwa na maandishi ambayo hayakuwa yamenakiliwa kule. Kanzidata mbili zikawa kila moja ina ukweli ambao mwenzake hana. Huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11, na katika moja ya makundi yao yenye shughuli nyingi yalihesabiwa maandishi 954 yaliyoangukia kwenye pengo hilo. GitHub walikuwa na wahandisi wa kuyakagua na walieleza hadharani kilichotokea. Ofisi ndogo ya Morogoro yenye kijana mmoja wa kompyuta haina nguvu kazi ya namna hiyo.

Kinachoshangaza ni kwamba waliobuni mtindo wa haraka wenyewe wameshauacha. Viendeshi vya mwanzo vya MongoDB havikungoja jibu hata la seva moja. Novemba 2012 kampuni inayoitengeneza ilitoa viendeshi vipya vilivyoanza kusubiri seva kuu. Kyle Kingsbury, mtafiti anayezijaribu kanzidata kwa kuzikatia mawasiliano makusudi katika mradi wake wa Jepsen, alionyesha mwaka 2013 kwamba hata hilo halikutosha, na ripoti ya mradi huo ya mwaka 2020 ikarudia kwamba chaguo-msingi la seva moja bado linaweza kupoteza maandishi yaliyothibitishwa. Julai 2021 toleo la 5.0 la MongoDB likafanya majority kuwa chaguo-msingi. Septemba mwaka huohuo Kafka, katika toleo la 3.0, ikahamisha acks kutoka 1 kwenda all. Anayetetea seva moja leo anatetea msimamo ambao wenyewe wameukimbia, mara nyingi kwa sababu alijifunzia kwenye somo la zamani na kunakili mstari wa anwani ulioandikwa kabla ya mabadiliko hayo.

Bado wengine wanajitetea kwa ulinganishi wa hesabu. Usiku, wanasema, tunalinganisha vitabu vyetu na vya benki, na kilichopotea kitaonekana. Hesabu hizo ni za lazima na ziendelee. Lakini zinaweza kuonyesha pengo pale tu ambapo upande mmoja unakumbuka. Benki ikiwa imeandika na mfumo haukuandika, pengo litaonekana. Muamala ukiwa wa ndani, kati ya akaunti mbili za mfumo uleule, kama ule wa mnunuzi na mkulima wetu, pande zote mbili zimefutika pamoja na jumla inabaki sawa hadi senti ya mwisho. Mhasibu atatia sahihi vitabu safi kabisa. Anayekumbuka ni mkulima peke yake, na ushahidi wake ni ujumbe wa simu utakaoulizwa kama si wa matapeli.

Watetezi wa kasi watendewe haki: si kila andiko ni pesa. Mabasi yanayopita Dumila hufungwa kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachotuma mahali basi lilipo na mwendo wake, mara kwa mara, safari nzima. Taarifa moja kati ya hizo ikipotea, inayofuata inakuja na hakuna aliyeumia. Kwa data za namna hiyo w=1 inafaa, na kwa takwimu za kubofya kurasa hata 0 inavumilika. Kosa ni kuchagua kiwango mara moja kwenye mstari wa anwani na kukiacha kitawale kila kitu, kana kwamba mahali basi lilipo na mauzo ya mkulima ni kitu kimoja. Viendeshi vyenyewe haviwalazimishi kufanya hivyo. MongoDB inaruhusu kiwango kiwekwe kwa muunganisho mzima, kwa mkusanyiko mmoja wa data, au kwa andiko mojamoja. Cassandra inaruhusu kila swali liwe na kiwango chake. Anayesema hana njia ila kuchagua kasi kwa wote hajafungua ukurasa wa pili wa mwongozo.

Na umbali nao una haki yake. Ikiwa seva moja iko Dar es Salaam, ya pili Cape Town na ya tatu Ulaya, majority italazimika kungoja waya wa baharini, na siku ya tarehe 12 Mei 2024 ingengoja sana. Jibu la hilo ni kupanga seva vizuri: mbili ziwe karibu, katika majengo tofauti yenye umeme tofauti, ya tatu iwe mbali kwa ajili ya maafa. Wengi watapatikana kwa zile mbili za karibu, na ya mbali itanakili kwa mwendo wake. Cassandra ina kiwango mahususi cha mpangilio huo, LOCAL_QUORUM. Ni ajabu kwamba viendeshi vyake maarufu, vya Java na Python, huanza na LOCAL_ONE, yaani seva moja ya karibu, na anayeviacha hivyo amechagua bila kujua kwamba amechagua.

Wapo pia wanaoandika majority na kulala usingizi. Nao wanahitaji kuamshwa. Ukomo wa kusubiri ukifika, kiendeshi huleta kosa, lakini kosa hilo halimaanishi kwamba andiko halikufanyika. Lina maana kwamba haijulikani bado. Linaweza kuwa limeandikwa seva moja na litafika nyingine sekunde inayofuata. Programu inayochukulia kosa hilo kama "imeshindikana" na kumwambia mnunuzi atume tena, itamkata mara mbili. Dawa yake inafahamika: kila ombi liwe na namba yake ya pekee inayotolewa kabla ya kutumwa, na kanzidata ikatae namba ileile kuandikwa mara ya pili. Hapo programu inaweza kurudia ombi mara tano bila shilingi kuongezeka. Wasioweka wtimeoutMS kabisa nao wanajitega, kwa sababu kiwango kilichodaiwa kisipofikika kiendeshi kinaweza kungoja bila mwisho.

Mtego mwingine unawanasa wabana matumizi. Wapo wanaokodi seva mbili za data na kuweka ya tatu iwe mpiga kura tu, isiyobeba data, kwa kuwa ni ya bei nafuu. Kwa mpangilio huo, MongoDB 5.0 hairithi lile chaguo-msingi jipya; hurudi kimyakimya kwenye w=1. Mwenye mfumo anajisifu kwamba yuko kwenye toleo jipya lenye usalama, kumbe yuko palepale pa mwaka 2012. Namna pekee ya kuwa na hakika ni kuandika kiwango waziwazi kwenye kiendeshi na kutoegemea chaguo-msingi la mtu.

Katika yote haya kuna jambo la haki zaidi kuliko la ufundi. Serikali, vyama vya ushirika na kampuni binafsi vinazidi kumsukuma mkulima aingie kwenye mifumo. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku inapatikana kwa mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo wa kidijiti. Malipo ya serikali hupita kwa namba ya kumbukumbu. Mkulima huyo hana pa kukaa na kuchagua. Akitaka mbolea lazima jina lake liwemo. Anaposimama kaunta na kuambiwa kwamba usajili wake "hauonekani", au malipo yake "hayasomi", mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye, kwa nauli yake, kwa siku yake ya shamba. Si kila kesi ya namna hiyo inatokana na kiendeshi, na ni makosa kudai hivyo. Nyingine ni mnara kweli, nyingine ni jina lililoandikwa vibaya. Lakini ile sehemu iliyo mikononi mwa mtengenezaji wa mfumo, ile inayorekebishwa kwa maneno machache mwishoni mwa mstari wa anwani, haina kisingizio.

Kwa hiyo viongozi wa SACCOS, AMCOS na halmashauri wanaokaribia kusaini mkataba wa mfumo mpya wasiishie kutazama skrini zenye rangi nzuri. Waandike kwenye mkataba kwamba kila andiko la pesa na la usajili litathibitishwa na wengi wa seva, likiwa kwenye shajara ya diski, lenye ukomo wa kusubiri na namba ya pekee. Kisha wadai jaribio mbele ya macho yao: maandishi elfu kumi ya mfano yatumwe, na katikati ya kazi seva kuu ichomolewe umeme. Seva mpya ikishachaguliwa, zihesabiwe kumbukumbu zilizopo na zilinganishwe na zile ambazo kiendeshi kilisema zimeandikwa. Jaribio hilo ni la asubuhi moja. Kumbukumbu moja tu iliyothibitishwa ikikosekana, wasitie saini.